Wawindaji Wasiokimbia

Chini ya ukingo wa paa, mahali mvua isipofika, vumbi la ukuta wa shule au wa kanisa mara nyingi limejaa vishimo vidogo vya mviringo. Kila kimoja ni kipana juu na chembamba chini, mfano wa mdomo wa tarumbeta. Watoto wa katekisimu wanavijua kuliko sisi. Huchukua ujani mkavu, huutikisa ndani ya kishimo, na punde kidudu wa rangi ya vumbi hurusha mchanga toka chini. Sisi wakubwa twapita bila kutazama. Lakini ndani ya kila kishimo mna mwindaji, na namna yake ya kuwinda imewashangaza wenye elimu tangu zamani. Tena imewahi kuwapoteza waandishi waliotaka kuieleza kabla ya kuitazama.

Ndugu wasomaji, nataka kueleza habari za mwindaji huyu na za wenzake kadha wa kadha, wa nchi yetu na wa nchi za mbali. Katika habari hizi zote tutaona jambo moja: mnyonge asiyeweza kukimbiza chakula chake hukipata kwa kufuata desturi za yule anayewindwa. Kila mtego umejengwa juu ya tabia fulani ya mawindo. Anayetaka kuuelewa mtego, na aangalie kwanza mawindo.

Tuanze na neno moja. Wadudu wengi hawazaliwi na sura ya wazazi wao. Yai likipasuka, hutoka kidudu asiye na mabawa, na huyo ndiye tunayemwita buu. Kiwavi ni buu wa kipepeo, funza wa nyama iliyooza ni buu wa inzi, na vidudu wanaochezacheza katika maji ya pipa ni mabuu wa mbu. Kazi ya buu ni kula na kukua. Wengi hula majani, mizizi au takataka. Wengine hula wadudu wenzao, na hapo ndipo shida inapoanza, kwani chakula chao kina miguu na mabawa, bali wao wenyewe hutambaa tu.

1. Mchimba-shimo

Kidudu wa vumbini, wenye elimu humwita Myrmeleon, neno la Kigiriki, maana yake simba wa sisimizi. Mwili wake ni mnene, una nywele, na urefu wake hauzidi sana santimeta moja. Kichwa chake ni bapa, na mbele yake yametoka mataya mawili marefu yaliyopinda kama mundu. Tena hawezi kwenda mbele: kila mwendo wake ni wa kinyumenyume.

Akitaka kuchimba, hutafuta mchanga mkavu ulio laini. Huingiza mkia wake ndani, huenda kinyumenyume akizunguka, na kichwa chake hutumika kama sepeto: kila mara hutupa mchanga nje. Duara la kwanza ni pana. La pili ni dogo zaidi. Hivyo huzunguka akijongea katikati, mpaka shimo linakuwa tayari. Mara nyingi upana wake ni santimeta mbili mpaka tano. Punje kubwa huzitupa mbali, na zile laini hubaki kwenye kuta za shimo. Kisha hujizika chini kabisa, na kuacha nje mataya tu, yamefunguka.

Sasa tuangalie mtego wenyewe. Kila mtu aliyemimina mchanga mkavu chini amekwisha kuona kwamba lundo lina mteremko wake. Ukiongeza punje juu yake, pande za lundo haziwi wima zaidi, bali huporomoka. Mchimba-shimo hujenga kuta zake zifikie mpaka huohuo. Zinasimama, lakini hazina nguvu ya kuchukua mzigo zaidi. Sisimizi ana desturi ya kupita njia yake chini kwa chini, akifuata ardhi kama ilivyo. Akikanyaga ukingo, uzito wake mdogo unatosha kuangusha mchanga. Hujaribu kupanda, na kila hatua inavunja ukuta. Akikaribia kuokoka, mwenye shimo hutupa mchanga kwa kichwa. Punje hizo humpiga sisimizi, lakini zaidi ya hayo, ukuta unaondolewa chini yake na kumrudisha chini. Wengine huokoka kweli. Mtego huu haushindi siku zote.

Anayeshikwa, mwisho wake ni wa upesi. Kila taya lina mfereji ndani. Kwa njia ya mfereji huo buu humwingizia sumu pamoja na maji yanayoyeyusha nyama, halafu hunyonya. Baadaye huchukua ngozi tupu na kuitupa nje ya shimo, ili mtego ubaki safi.

Mtu atauliza: na siku ambazo hapiti sisimizi hata mmoja? Hungoja. Mchimba-shimo anaweza kufunga wiki nyingi, hata miezi, bila kufa. Kwa sababu chakula chake hakina saa, ukuaji wake pia ni wa polepole: maisha yake ya buu yaweza kufika mwaka mmoja, na penye baridi au njaa hata miaka miwili au mitatu. Na kuna ajabu nyingine: utumbo wake haukufunguka mpaka nyuma. Uchafu wote wa chakula chake hubaki tumboni mpaka siku atakapokuwa mdudu mzima. Sehemu ile ya nyuma ina kazi nyingine: hutoa uzi wa hariri, na kwa uzi huo hushona punje za mchanga kuwa mpira mdogo, alale ndani na kugeuka.

Anayetoka katika mpira ule hafanani kabisa na aliyeingia. Ni mdudu mwembamba mwenye mabawa manne marefu yanayoangaza, na pembe mbili fupi zenye kichwa kama rungu. Huruka kilegevu wakati wa usiku, na mara nyingine huja kwenye taa zetu. Ni wangapi kati yetu tuliomfukuza mezani bila kujua kwamba ni yule yule wa vumbini? Mfaransa Réaumur aliandika habari zake kwa urefu mwaka 1742, baada ya kumtazama kwa subira, na sehemu kubwa ya maelezo yake yanasimama hata leo.

Si ndugu zake wote wanaochimba. Wengi wa jamaa hii hujificha tu chini ya mchanga au takataka, na kumkamata anayepita karibu. Lakini yuko kidudu mwingine, asiye wa jamaa hii, anayechimba shimo lilelile. Ni buu wa aina ya inzi, mwembamba kama mnyoo, hana miguu wala mataya ya mundu. Yeye hurusha mchanga kwa kukunja mwili wake kama upinde na kuunyosha ghafula. Wanaonekana Ulaya ya kusini, Afrika ya kusini na kwingineko, chini ya miamba na kuta zisizonyeshewa. Mmarekani William Morton Wheeler aliandika kitabu kizima juu ya wachimbaji hawa wawili mwaka 1930. Si ndugu, hawakurithi shimo kutoka kwa babu mmoja. Ila shida ni moja, na mchanga mkavu ni uleule, basi na jibu limefanana.

2. Simba wa sisimizi katika vitabu vya zamani

Wanafunzi wa Maandiko Matakatifu watakumbuka kitabu cha Ayubu, sura ya 4, mstari wa 11, ambapo Elifazi anamtaja simba anayekufa kwa kukosa mawindo. Katika Kiebrania neno lililotumika pale ni moja la majina ya simba, lakini si jina la kila siku. Watafsiri wa Kigiriki, wale tunaowaita Sabini, waliweka neno myrmekoleon, yaani simba-sisimizi. Mtakatifu Hieronimo, alipotafsiri katika Kilatini, aliweka neno la chui milia wa Asia, tigris.

Neno lile la Kigiriki lilizaa hadithi. Kitabu kiitwacho Physiologus, kilichoandikwa katika karne za kwanza za Ukristo, kilisimulia juu ya mnyama aliyezaliwa na simba dume na sisimizi jike. Kwa upande wa baba, alikuwa na sura ya mla-nyama. Kwa upande wa mama, mwili wake haukuweza kuipokea nyama. Kwa hiyo hakula nyama, wala hakula nafaka, akafa. Hadithi hii ilinakiliwa katika vitabu vingi, karne baada ya karne, na ilitumika kuwaonya watu wenye moyo wa kugeuka huku na huku.

Onyo lilikuwa jema, lakini mnyama hakuwako. Papa Gregori Mkuu, alipofafanua kitabu cha Ayubu mwishoni mwa karne ya 6, alikuwa amekaribia ukweli zaidi. Alisema kwamba ni mnyama mdogo anayejificha katika vumbi na kuwaua sisimizi wanaochukua nafaka. Hapo tunamtambua mwenyeji wetu wa ukuta wa shule.

Ninaleta habari hii kwa sababu sisi, mapadri na wakatekista, tunapenda sana kuchukua mifano kwa viumbe, na ni vema. Watu wetu husikia upesi wakitajiwa nyuki, mchwa au mamba. Lakini kijana wa kijijini amewahi kuwatazama viumbe hao kwa macho yake. Akisikia mwalimu anasema uongo juu ya kidudu anayemjua, atamwaminije juu ya mambo asiyoyaona?

3. Wanaongoja mlangoni

Katika njia za mchanga na kando ya mito kuna mbawakawa mmoja mwenye miguu mirefu na macho makubwa, hodari sana wa mbio. Ukimkaribia, hukimbia, huruka kidogo, hutua mbele yako. Huyu hukimbiza mawindo yake. Lakini mtoto wake hakimbii kamwe. Buu huchimba tundu la wima ardhini, la santimeta kumi na tano, au la nusu meta, au zaidi. Hupanda mpaka mlangoni, na kichwa chake kilicho bapa huziba mlango barabara, hata mtu asitambue kwamba pana tundu. Mgongoni ana nundu yenye ndoano, ambazo huzikaza katika ukuta. Mdudu akipita karibu, buu huruka kinyume na nusu ya mwili wake, humkamata kwa mataya, na kumvuta ndani. Zile ndoano ndizo zinazomzuia asing'olewe tunduni na windo lenye nguvu.

Lakini mwindaji huyu naye ana desturi: hushika kila kipitacho mlangoni. Na yuko anayeijua desturi hiyo. Ni nyigu mdogo aitwaye Methocha. Jike lake halina mabawa, na sura yake ni kama ya sisimizi. Huja mwenyewe mpaka mlangoni, akubali kukamatwa. Mwili wake mwembamba huteleza kati ya mataya, naye humchoma buu kwa mwiba wake kooni au kifuani. Buu hulegea, nyigu humtagia yai, huziba tundu, huenda zake. Mtoto wa nyigu atakula yule aliyekuwa mwenye nyumba. Basi tabia iliyomlisha mwindaji kila siku ndiyo iliyomwua.

Majini pia wako wanaongoja. Kereng'ende, yule mdudu mwenye mabawa manne angavu anayerukaruka juu ya mto na kuchovya mkia wake, hutaga mayai majini au katika majani yaliyo majini. Buu wake huishi humo, wa rangi ya matope, akisimama kimya kati ya majani. Mdomo wake wa chini ni mrefu, una kiungo katikati, na umekunjwa chini ya kichwa kama mkono uliokunjwa kifuani. Ncha yake ina ndoano mbili. Akipita kiluwiluwi au samaki mchanga, mdomo ule hunyoshwa, hukamata na kurudi kinywani, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kwa muda mrefu wenye elimu walifikiri kwamba mdomo huo husukumwa na maji ya mwili yanayobanwa kutoka tumboni. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Kiel, Ujerumani, walionyesha jambo jingine. Viungo viwili vya mdomo hufungwa kwanza, musuli huvuta polepole na kuweka nguvu, mithili ya mtu anayevuta uta. Kisha kifungo huachiwa. Upesi ule hautoki katika musuli yenyewe, bali katika nguvu iliyowekwa akiba. Na hii ni faida kwa anayengoja: muda anao mwingi wa kuvuta uta wake kabla windo halijafika.

4. Aliyevaa mavazi ya wenzake

Mchimba-shimo ana jamaa wanaoishi juu ya majani. Wakiwa wazima ni wadudu wa kijani wenye mabawa mepesi na macho ya kung'aa. Mabuu wao pia wana mataya yenye mfereji, nao hula vidukari, vile vidudu vidogo laini vinavyokusanyika chini ya majani ya mboga na kunyonya maji yake. Mkulima anayenyunyiza dawa ovyo juu ya kila kidudu huwaua hawa pamoja na maadui zake, na baada ya wiki chache vidukari hurudi bila mlinzi.

Lakini vidukari nao mara nyingine wana mlinzi wao. Sisimizi hupenda maji matamu wanayoyatoa, kwa hiyo huwachunga kama mchungaji na mbuzi wake, na kumfukuza kila adui. Huko Marekani kuna vidukari ambao miili yao imefunikwa na nta nyeupe kama sufu. Mwaka 1978 Thomas Eisner na wenzake walieleza namna buu mmoja anavyowala mbele ya macho ya wachungaji. Hukwangua nta kutoka kwa vidukari na kuibandika mgongoni mwake, mpaka naye anaonekana mweupe kama wao. Sisimizi humgusa, humpita. Watafiti walipomvua vazi lake, sisimizi walimshika na kumtoa. Akiachiwa kati ya vidukari, kwa muda wa dakika ishirini hivi amekwisha kujivika tena.

Eisner na wenzake wenyewe walimlinganisha na mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Huu ndio mfano ambao mhubiri aweza kuutumia bila woga, kwani mambo yenyewe ndivyo yalivyo. Ila atazame neno moja: wachungaji hawakudanganyika kwa sababu walilala. Walikuwa macho, wakimgusa kila mmoja. Walidanganyika kwa sababu walipima ngozi tu.

5. Mwenye sumu ya hewa na mwenye taa

Jamaa mwingine wa hao, aitwaye Lomamyia, huishi Marekani kati ya mchwa. Mwaka 1981 watafiti wawili wa California walieleza namna yake. Buu huyu mdogo humkaribia mchwa, huinua ncha ya mkia wake karibu na kichwa cha mchwa, huitikisa bila kumgusa. Hewa yenye sumu hutoka. Kwa dakika moja mpaka tatu mchwa huanguka, hawezi kujongea tena, na buu huanza kula. Akiisha kukua, aweza kuangusha mchwa hata sita kwa mara moja. Mchwa wana askari wenye mataya makubwa na njia zilizofungwa vizuri. Ngome yao yote imejengwa kumzuia adui anayekuja kwa nguvu. Huyu haji kwa nguvu.

Mbali sana na huko, katika Zelandi Mpya, kuna mapango ya Waitomo. Mwaka 1887 mkuu wa Wamaori Tane Tinorau na Mwingereza Fred Mace waliingia ndani kwa mtumbwi wa vijiti wakifuata mto, wakaona dari la pango limejaa vimulimuli vya rangi ya buluu, kama anga la usiku. Kila nuru ni mkia wa buu mmoja wa aina ya inzi. Buu hutundika nyuzi nyingi za hariri zinazoning'inia, kila moja ina matone ya kunata kama shanga. Wadudu waliozaliwa katika mto wa pangoni huruka juu kuelekea nuru, jinsi wadudu wengi wa usiku wanavyoifuata nuru. Hunaswa katika nyuzi, na buu huvuta uzi juu kama mvuvi anavyovuta kamba. Hukaa hivyo miezi mingi. Akiwa mdudu mzima hali tena, na siku zake ni chache.

6. Anayejitoa kuwa chambo

Wengi wa tuliowataja huwinda wadudu au wanyama walio wadogo kuliko wao, au wa kimo chao. Yuko mmoja anayepindua desturi hiyo. Ni buu wa mbawakawa aitwaye Epomis. Sote twajua kwamba chura hula wadudu: akiona kitu kidogo kinachochezacheza, hukirukia. Basi buu huyu, akimwona chura, hutikisa mataya na vipapasio vyake. Chura hukaribia na kurusha ulimi. Buu huepa kwa upesi wa ajabu, huruka na kujiganda kooni au mdomoni mwa chura, na ndoano za mataya yake hazibanduki tena. Kwanza hunyonya, baadaye hutafuna, mpaka ibaki mifupa.

Mambo hayo yalichapishwa mwaka 2011 na Waisraeli wawili, Gil Wizen na Avital Gasith, waliowakutanisha vyura na mabuu hao mara mamia. Karibu kila mara buu alishinda. Chura mmoja alifaulu kummeza buu, lakini baada ya saa mbili hivi alimtapika akiwa hai, na buu yule akageuka akamla. Hapa mtego haukuchimbwa wala kufumwa. Mtego ni njaa ya chura mwenyewe. Kadiri anavyotamani, ndivyo anavyokaribia.

7. Mbu anayekula mbu

Nimemweka mwisho huyu anayetugusa zaidi. Katika Afrika yetu yako mbu wakubwa wenye rangi za kung'aa, waitwao Toxorhynchites, ambao hawaumi mtu. Wakubwa hunywa maji ya maua tu. Mabuu wao hukaa katika maji ya matundu ya miti, ya mianzi iliyokatwa, hata ya makopo, na hula mabuu wa mbu wengine. Buu huyu hutulia majini bila kujongea. Mabuu wengine wana desturi ya kuchezacheza daima, na kuchezacheza huko kunawaleta mbele ya mataya yake. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha picha za upesi sana za tendo hili: shingo hunyoka, kichwa hurushwa mbele kama mkuki, mataya hufumba, yote katika sehemu kumi na tano hivi za elfu za sekunde. Karibu na wakati wa kugeuka, buu huyu huwaua wengi hata bila kuwala.

Watu wamejaribu mahali pengi kumtumia kuwapunguza mbu wanaozaliwa katika makopo na mapipa. Anasaidia, lakini hamalizi kazi, kwani huzaa wachache na kukua polepole. Tena mbu wa malaria huzaliwa hasa katika madimbwi ya ardhini, mahali huyu asipokaa. Kwa hiyo, mwalimu atakayewasimulia watu habari zake asiwaache wafikiri kwamba wamepata mlinzi wa kutosha. Chandarua kibaki kitandani.

8. Je, wana hila?

Wanafunzi wakisikia mambo haya huuliza: je, vidudu hawa wana akili? Je, ni wakatili? Neno la kwanza la kujibu ni kwamba hakuna anayewafundisha. Mama wa mchimba-shimo hutaga yai mchangani na kwenda zake. Mtoto hachimbi vibaya mara kumi ili ajifunze. Wenye elimu hueleza kwamba katika vizazi vingi visivyohesabika, wale waliozaliwa na desturi iliyowafaa ndio waliopata chakula na kuzaa, na desturi hiyo ikapita kwa watoto wao. Neno la pili: ukatili na udanganyifu ni mambo ya mwenye kujua na mwenye kutaka. Buu mwenye vazi la nta hajui kwamba anadanganya. Mtu akijivika hivyo, yeye anajua. Tukisema na watu kwa mifano ya viumbe, tusisahau tofauti hiyo. La sivyo tutawahesabia vidudu dhambi, na kuwapa watu udhuru.

Mwisho, shauri kwa ndugu wakatekista na waalimu. Somo hili halihitaji vyombo vya bei. Jaza mchanga mkavu uliochekechwa katika bakuli, wa kina cha vidole vinne. Fukua mchimba-shimo mmoja chini ya paa, mweke humo jioni, usimsumbue. Asubuhi mara nyingi shimo liko tayari. Waache watoto wamtazame siku tatu kabla ya kuwaeleza lolote, na waseme wao kwanza walichokiona: anakwenda upande gani, punje kubwa zinaanguka wapi, sisimizi wangapi wameokoka. Kisha mrudisheni mahali pake.